Vipigo vitatu vya usiku mmoja: kisa cha Fort Lauderdale na uhalifu usiohesabiwa

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 12 Januari 2006, vijana watatu waliingia katikati ya mji wa Fort Lauderdale, jimbo la Florida, wakawapiga watu watatu waliokuwa wamelala nje. Kijana mmoja alikuwa na miaka 17, wenzake 18. Mikononi walikuwa na magongo ya besiboli na bunduki ya kurusha vidonge vya rangi. Mzee wa miaka 58 walimkuta kwenye benchi, katika tawi la mjini la Chuo Kikuu cha Florida Atlantic. Mwanamume wa miaka 45 walimkuta amelala kwenye benchi la bustani ya umma. Wa tatu, mwenye miaka 49, naye walimvamia usiku huohuo. Wa kwanza na wa tatu walipona. Yule wa bustanini alikufa kwa majeraha.

Dunia ilikijua kisa hiki kwa sababu moja tu: chuo kilikuwa na kamera ya ulinzi. Kamera hiyo haikuwekwa kwa ajili ya anayelala pale. Iliwekwa kulinda jengo. Lakini ndiyo iliyomnasa mzee yule akiinua mikono kujikinga, magongo yakitua mikononi na mwilini mwake, naye akijaribu kujinusuru huku waliompiga wakiendelea kumwandama. Hakuna mtu anayempekua mifuko. Hakuna mabishano. Ni watu wasiojuana, mmoja alikuwa usingizini, wengine wamemjia na silaha. Picha zile zilirushwa na televisheni za Marekani nzima na nje ya nchi, na ndani ya siku chache watuhumiwa wote walikuwa mikononi mwa polisi.

Kesi ilichukua muda. Mmoja wa vijana hao alikiri makosa, akatoa ushahidi dhidi ya wenzake na akapewa kifungo cha miaka 15. Wawili waliobaki walisomewa shitaka la mauaji ya daraja la kwanza, lakini mwaka 2008 jopo la raia lililosikiliza kesi liliwatia hatiani kwa mauaji ya daraja la pili na kwa kujaribu kuua. Jaji alimhukumu mmoja kifungo cha maisha, mwingine miaka 30.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema haki ilitendeka, kisa kimekwisha. Mimi naona ndipo kinapoanzia, kwa sababu kuna swali ambalo mahakama ile haikuwa na kazi ya kulijibu. Mauaji yale yaliandikwa wapi? Ukienda leo kwenye takwimu za Serikali Kuu ya Marekani za uhalifu wa chuki, yaani ule ambao mhanga huchaguliwa kwa sababu ya kundi lake, kwa mwaka 2006, utamkuta mtu aliyeuawa kwa sababu tu alikuwa analala nje?

Humkuti. Na si kwa uzembe wa karani. Sheria inayoiagiza serikali kukusanya takwimu hizo ilisainiwa na Rais George H. W. Bush mwezi Aprili 1990, na ilitaja rangi, dini, mwelekeo wa kimapenzi na kabila. Ulemavu uliongezwa mwaka 1994. Jinsia na utambulisho wa kijinsia viliongezwa mwaka 2009, kupitia sheria yenye majina ya Matthew Shepard na James Byrd, wahanga wawili wa mauaji ya chuki. Kukosa makazi hakumo. FBI, idara ya upelelezi ya Serikali Kuu, inapopokea taarifa kutoka kwa maelfu ya vituo vya polisi, ambavyo navyo havilazimishwi na sheria ya shirikisho kupeleka taarifa hizo, hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu huyu alichaguliwa kwa sababu hana nyumba. Polisi mwenye nia njema kabisa anaishia kuandika shambulio, au mauaji, basi.

Tazama jinsi mfumo unavyofanya kazi kwa undani kidogo. Fomu ya kisasa ya FBI, inayoitwa NIBRS, ina orodha ndefu ya mahali ambapo uhalifu umetokea, na ndani ya orodha hiyo nyumba za kuwahifadhi wasio na makazi zimo. Ukipigwa ukiwa ndani ya nyumba hiyo, angalau mahali patajulikana. Lakini ukipigwa kwenye benchi la chuo, fomu itasema chuo. Ukiuawa bustanini, itasema bustani. Wahanga wale wa Fort Lauderdale wangetawanyika kwenye safu tofauti za jedwali, na atakayelisoma jedwali hilo baadaye hataona chochote kinachowaunganisha. Kilichowaunganisha usiku ule, kwamba wote walikuwa wanalala nje, ndicho ambacho fomu haikiulizi.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa kisa hiki. Hebu iondoe kamera ya chuo. Unabaki na mzee aliyevunjwavunjwa ambaye huenda angesema, au asingesema, kwamba alipigwa na vijana asiowajua. Unabaki na maiti bustanini. Unabaki na majeruhi wa tatu sehemu nyingine ya mji. Watu watatu wasiojuana, matukio matatu kwenye vitabu vya polisi, na wapelelezi ambao wamezoea kudhani kwamba wanaolala nje huumizana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya pombe au mahali pa kulala. Kamera iliondoa dhana hiyo ndani ya dakika moja. Kazi ambayo ingefanywa na mfumo wa kumbukumbu, yaani kuyatazama matukio pamoja na kuuliza kwa nini wahanga wote ni wa aina moja, ilifanywa na kifaa kilichokuwa kinalinda milango.

FBI yenyewe ina utaratibu mzuri wa kutambua chuki kwa makundi yanayotambuliwa na sheria. Askari wa kwanza kufika huandika dalili alizoziona: maneno yaliyotamkwa, alama zilizoachwa, kama kitu kimeibwa au la, kama wahanga wa matukio mengine ya karibuni wanafanana. Kisha ofisa mwingine aliyefunzwa huyapitia maelezo hayo kabla ya kuamua. Zichukue dalili hizo uzipeleke Fort Lauderdale. Wahanga watatu wa aina moja ndani ya saa chache. Hakuna deni, hakuna ugomvi wa nyuma, hakuna kujuana. Anayepiga amefuata watu mahali anapojua wanalala. Ningekuwa yule ofisa wa pili, nisingehitaji muda mrefu kuamua. Utaratibu upo na unafaa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuutumia kwa mtu asiye na nyumba.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema kukosa makazi ni hali ya kupita, si kitu mtu anachozaliwa nacho kama rangi ya ngozi, kwa hiyo hakifai kuwekwa kwenye orodha moja. Lakini dini pia mtu anaweza kuibadilisha, na imo kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Wengine wanasema mvamizi humpiga aliyelala nje kwa kuwa ni rahisi kumfikia, si kwa kuwa anamchukia. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na inanisumbua zaidi. Mwizi humwibia aliyelala nje kwa sababu hana mlango wa kufunga, na huo si uhalifu wa chuki. Ila mwizi ana anachokitafuta. Anayempiga mtu usingizini kwa gongo, halafu akaenda kumtafuta mwingine, halafu mwingine, hatafuti kitu zaidi ya kupiga, na amemchagua wa kumpiga kwa kuamini kwamba huyu hakuna atakayemuulizia. Imani hiyo ni dharau kwa kundi zima. Kuitenganisha na chuki ni kazi ngumu kuliko wapinzani wanavyodhani.

Serikali ilipokaa pembeni, kazi ya kuhesabu ilibebwa na shirika moja la kiraia la Washington, National Coalition for the Homeless, au NCH. Tangu mwaka 1999 wamekuwa wakikusanya habari za magazeti, simu za mashirika yanayogawa chakula na hifadhi, na maelezo ya wahanga wenyewe, kisha wanathibitisha tukio moja baada ya jingine. Kanuni yao ni kali: wanahesabu tu pale ambapo aliyeumizwa hana makazi na aliyeumiza ana makazi. Ugomvi wa wanaolala nje wao kwa wao haumo. Kwa kanuni hiyo, kufikia mwisho wa mwaka 2013 walikuwa wameandika matukio 1,437 katika miaka 15, na watu 375 kati ya wahanga hao walikufa. Kwa mwaka 2013 peke yake, matukio 109, vifo 18. Wengi wa waliofanya mashambulizi hayo ni wanaume chini ya miaka 30, na wengi wa walioshambuliwa ni watu wazima wa zaidi ya miaka 40, sura ileile ya Fort Lauderdale. NCH waliweka vifo hivyo kando ya vile ambavyo FBI ilivitambua kuwa vya chuki kwa makundi yote yaliyomo kwenye sheria yakijumlishwa. Vya wanaolala nje vilikuwa vingi zaidi.

Nawaheshimu sana watu hawa, na kwa sababu hiyohiyo lazima mipaka ya kazi yao isemwe wazi. Mtu anayehesabu kwa kutegemea magazeti anahesabu kile ambacho mhariri aliona kinafaa kuchapwa. Florida na California zimekuwa juu kwenye orodha zao mwaka baada ya mwaka. Ni majimbo yenye watu wengi wanaolala nje na hali ya hewa inayoruhusu kulala nje hata Januari, lakini pia ni majimbo yenye mashirika yenye sauti na vyombo vya habari vingi. Mji mdogo ambao gazeti lake limekufa utaonekana mji wa amani. Idadi ikishuka mwaka fulani, huwezi kujua kama vipigo vimepungua au waandishi ndio wamepungua. Hesabu ya NCH ni kiwango cha chini kabisa. Inatuambia kwa uhakika kwamba jambo lipo. Haiwezi kutuambia lina ukubwa gani.

Njia nyingine ambayo kwa kawaida ingetusaidia nayo imefungwa. Marekani ina utafiti mkubwa wa kila mwaka unaowauliza watu wenyewe kama wamefanyiwa uhalifu, wawe waliripoti polisi au la. Ndio unaotumika kujua uhalifu uliojificha. Lakini utafiti huo huanza kwa kuchagua kaya, na asiye na makazi hana kaya ya kubishiwa hodi. Ameondolewa kwenye sampuli tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo huwahesabu watu wasio na makazi kila Januari, usiku mmoja, kwa watu kupita mitaani, kwenye madaraja na kwenye hifadhi. Januari 2024 walipatikana 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu zoezi hilo lianze. Maana yake serikali inajua kuwatafuta na kuwapata. Haiwaulizi tu kama wamepigwa.

Kenya ilifanya hesabu yake ya familia za mitaani mwaka 2018 na kupata watu 46,639. Pale pia kilichohesabiwa ni watu, si wanachotendewa usiku. Na katika nchi zetu nyingi jina la mtu anayelala nje likiingia kwenye kitabu cha polisi, mara nyingi huingia upande wa mtuhumiwa, kwa kosa la uzururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Nalitaja hili kwa sababu linahusu moja kwa moja suala la kumbukumbu: mtu ambaye kituo cha polisi kinamjua kama mkosaji hatakwenda kituo hichohicho kusema kwamba amepigwa.

Hispania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2005, mjini Barcelona, vijana watatu walimuua mwanamke aliyekuwa akilala ndani ya kibanda cha mashine ya kutolea pesa. Hapo pia kulikuwa na kamera, ya benki. Baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo iliweka chuki dhidi ya maskini kuwa kundi linalojitegemea katika ripoti zake za mwaka za uhalifu wa chuki, na mwaka 2021 sheria ya jinai ikaongezwa ili sababu hiyo izidishe adhabu. Kisanduku kipo. Lakini idadi inayojazwa ndani yake ni ndogo mno, wakati uchunguzi wa mradi wa HATEnto uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji watu 261 wasio na makazi, ulikuta karibu nusu yao wamewahi kufanyiwa kitendo cha chuki, na wachache sana ndio walioripoti. Somo la Hispania kwangu ni kwamba fomu peke yake haitoshi. Lazima kuwe na mtu anayeaminiwa na anayelala nje, na ambaye neno lake linakubaliwa kwenye kitabu cha polisi.

Turudi Florida, kwa sababu jimbo hilo halikukaa kimya. Mwezi Mei 2010 Gavana Charlie Crist alisaini sheria iliyoongeza hali ya kukosa makazi kwenye orodha ya uhalifu wa chuki ya jimbo, ikianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2010. Maryland ilikuwa imetangulia mwaka mmoja. Sheria ya Florida inapandisha kosa daraja moja pale inapothibitika kwamba mhanga alichaguliwa kwa sababu hiyo, na inaeleza vizuri ni nani asiye na makazi: ni pamoja na mtu ambaye mahali pake pa usiku ni mahali pasipokusudiwa kulaliwa na binadamu. Benchi la chuo linaingia humo. Benchi la bustani linaingia humo.

Ila kupandisha adhabu ni kazi inayofanyika mwishoni, mtu akishakamatwa na kushitakiwa. Wale vijana wa 2006 wasingeongezewa kitu kikubwa; kifungo cha maisha kilitolewa bila sheria hiyo. Sheria ingewafaa zaidi watu ambao hatuwajui, waliorushiwa chupa, waliochomewa mablanketi, waliopigwa mateke na wapita njia wiki au mwezi kabla, ambao hakuna aliyekamatwa kwa ajili yao. Makosa hayo madogo ndiyo yanayomwonyesha mpelelezi kwamba kuna kundi limeanza kuzunguka. Hayo ndiyo yanayohitaji kuandikwa, na hayo ndiyo yanayopotea.

Halafu jimbo hilohilo likaenda upande mwingine. Novemba 2014 polisi wa Fort Lauderdale walimshitaki Arnold Abbott, mzee wa miaka 90, kwa kugawa chakula hadharani kwa wasio na makazi, kinyume na kanuni mpya ya mji. Ilichukua hadi Agosti 2018 kwa mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya kundi jingine linalogawa chakula mjini humo, kusema kwamba kugawana chakula bustanini ni tendo linalolindwa na Katiba. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu kwa kulala nje. Na tarehe 1 Oktoba 2024, miaka 14 kamili tangu Florida ianze kuwatambua watu hawa kama wahanga wa chuki, ikaanza kutumika sheria nyingine ya Florida inayozikataza kaunti na manispaa kuruhusu watu kulala hadharani.

Fikiria matokeo yake kwa suala la kumbukumbu. Anayefukuzwa kwenye benchi la chuo haendi kulala hotelini. Anakwenda kichakani, nyuma ya maghala, chini ya daraja la barabara kuu. Anaondoka penye taa, penye walinzi na penye kamera. Mzee yule wa miaka 58 alipigwa mahali ambapo angalau jengo lilikuwa linatazamwa. Mwenzake wa leo, akipigwa alipojificha, atalazimika kwenda kuripoti kwa askari ambao wiki iliyopita walimwamuru aondoke, na swali la kwanza atakaloulizwa ni alikuwa anafanya nini pale usiku. Sheria mbili za jimbo moja zinavutana, na inayoshinda ni ile inayomficha.

Mswada wa kurekebisha sheria ya takwimu ya 1990 umewahi kufikishwa Washington. Mbunge wa Texas, Eddie Bernice Johnson, aliuwasilisha katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2009, na Seneta Ben Cardin wa Maryland akawasilisha wa kwake upande wa Seneti. Mwezi Septemba 2010 kamati ndogo ya Seneti ilisikiliza mashahidi. Mswada haukuomba adhabu mpya wala fedha nyingi. Uliomba FBI iruhusiwe kuhesabu. Haukupita. Johnson alistaafu Januari 2023 na kufariki mwisho wa mwaka huo.

Wakati Washington haijaamua, sioni sababu ya kaunti kusubiri. Kaunti ya Los Angeles tayari huchapisha ripoti za vifo vya watu wasio na makazi, na mauaji ni moja ya sababu zinazotenganishwa humo. Hatua hiyo inajibu nusu ya swali: aliyekufa alikuwa nani. Nusu nyingine, kwamba aliuawa na nani na kwa nini, inahitaji mtu wa kuuliza mapema, jeraha likiwa bichi. Muuguzi wa huduma za mitaani anayefunga mkono uliovunjika anajua mgonjwa wake alilala wapi. Mgawa uji wa asubuhi anasikia ni vijana gani walipita usiku na gari gani. Wote wawili wanaaminiwa. Wakipewa fomu fupi inayopokelewa na polisi bila kumlazimisha mhanga kufika kituoni wala kutaja anuani asiyokuwa nayo, vipigo vitatu vya usiku mmoja vinaweza kukutanishwa kwenye meza moja kabla ya saa nne asubuhi, hata kama hakuna kamera iliyoviona.